Tupeane uzoefu: nani hapa kabadilishiwa goti au nyonga?

Binti Langoni
Assalaam alaykum. Goti la kulia la mamangu limekwisha. Kwenye picha ya eksirei mifupa inagusana. Dawa na sindano zimefika mwisho wake, sasa daktari ataja goti la bandia, na safari ya Mombasa. Ya hospitali nitamuuliza yeye, hapa nataka ya nyumbani. Nyumba zetu za Lamu mwazijua: ngazi wima, choo cha kuchuchumaa, na mama hataki kusikia habari ya kuswali kitini. Aliyepitia na aseme.

Mama wa Shela
Mwanangu, nimefanyiwa la kushoto. Wiki za mwanzo zinauma, asikudanganye mtu. Ganzi ilikuwa ya mgongoni, nikawa nasikia nyundo kama fundi wa mashua yuko kazini, wala siumii. Kumbe goti halitolewi zima! Hukatwa ncha zilizolika tu, paja likavikwa chuma, muundi ukawekwa bamba, katikati plastiki ngumu. Kesho yake nikasimamishwa kwa fremu ya kutembelea.
Kazi yenyewe ni mazoezi. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku hukazana, na likishakazana ni taabu kulirudisha. Ngazi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mbovu. Mimi nilihamia chumba cha chini kwa dadangu. Rukuu naipata, sijda nafanya kitini. Kupiga goti sikukatazwa, ila kunauma, na kuinuka ndiko kwenyewe. Lakini sokoni sasa nafika bila kutafuta baraza ya kupumzikia.

Kijana wa Malindi
Yangu ni nyonga, na mzee si mimi. Nina selimundu, ugonjwa wa chembe za damu zenye umbo la mundu, damu ilikatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa. Kikigunduliwa mapema hutobolewa kupunguza shinikizo ndani, changu kilishabonyea. Nyonga za bandia kama yangu zilishika njia tangu daktari John Charnley wa Uingereza, miaka ya 1960, ila si za milele. Kwa rejista za upasuaji za nchi za nje, karibu 6 kati ya 10 hufika miaka 25, na magoti karibu 8. Kwa umri wangu najua huenda nikarudi mezani. Nyonga ina masharti yake: kiti cha chini hapana, kupishanisha miguu hapana.

Nahodha Mokowe
Mzee wangu alianguka gatini, shingo ya paja ikavunjika. Akawekewa nusu nyonga: kichwa kipya, kikombe chake mwenyewe cha nyonga kikaachwa. Mtu mzima akivunjika pale msimlaze nyumbani mkingoja muunga mifupa. Kulala huko huleta vidonda, nimonia na damu kuganda.

Mwalimu Mstaafu
Mimi niliambiwa nisafishwe goti kwa kamera. Daktari wa pili akanieleza kuwa goti lililolika kwa umri halifaidiki sana na hilo. Binti, muulize kama ubovu uko upande mmoja tu. Huenda akabadilishiwa nusu.

Binti Langoni
Ahsanteni mno. Choo je?

Mama wa Shela
Seremala akutengenezee kiti chenye tundu na mikono, kiwe juu kidogo ya magoti yake. Mikeka ya ukumbini ikunje, fremu hunasa. Na kama ana jino bovu, kidonda au sukari iliyopanda, vishughulikiwe kabla hamjapanda basi; usaha ukiingia kwenye kile chuma huenda wakalazimika kukitoa.