Naomba ushauri: kujitolea kukarabati nyumba mbele ya kamera za televisheni

Fundi_Ughaibuni: Habari za jioni, wakuu. Mimi ni fundi umeme, ninaishi Uingereza. Kipindi kimoja cha televisheni kinatafuta mafundi wa kujitolea ili kukarabati nyumba ya familia yenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu: milango itapanuliwa, bafu litahamishiwa chini, na kazi yote imalizike kwa siku tisa. Nimekwisha kujiandikisha. Je, ninaweza kuomba nisionyeshwe uso?

Shangazi_wa_Pongwe: Mwanangu, sadaka ya mkono wa kulia hata wa kushoto usiijue. Huku kwetu Tanga upepo uliezua nyumba ya mjane, vijana wakaiezeka upya kwa msaragambo bila picha hata moja, na ubwabwa wao niliupika mimi.

Kisiki: Mimi ningeuliza kwanza ni nani atakayelipa gharama kamera zikiondoka. Kipindi cha Marekani cha Extreme Makeover: Home Edition, kilichorushwa na ABC kuanzia 2003 hadi 2012, kilikuwa kikijenga nyumba kwa siku saba huku wenyewe wamepelekwa likizo, na baadhi yao wakaja kulemewa na kodi ya majengo na ankara za umeme. Familia moja ya Georgia iliiweka rehani nyumba yake kwa mkopo wa dola 450,000, na mwaka 2008 ikatangazwa kupigwa mnada.

Fundi_Ughaibuni: Ahsante, lakini hapa tunapanua milango tu, hatujengi kasri. Nimeuliza kuhusu uso wangu.

Kisiki: Unamficha nani?

Fundi_Ughaibuni: Mwajiri. Likizo yangu ya mwaka iliisha nilipokwenda kumzika baba, kwa hiyo nitamwambia kwamba mgongo unaniuma. Simwibii mtu: kazi yenyewe ni ya kheri, na malipo ya ugonjwa huku ni kiduchu.

Bwana_Soga: Mgongo huo utaonekana umebeba bodi za jipsamu, na bosi atakuwa sebuleni kwake akifuta machozi ya furaha pamoja na taifa zima.

Mdadisi: Wakuu, hii ni chai. Uingereza mwajiriwa hujithibitishia ugonjwa mwenyewe kwa siku saba tu, zikihesabiwa pamoja na zile asizofanya kazi. Zikizidi hapo anadaiwa cheti cha daktari. Ukarabati wako ni wa siku tisa. Isitoshe, umeme wa bafuni hutolewa hati yenye jina la fundi, kwa hiyo fundi wa kweli angehofia jina kabla ya uso.

Bwana_Soga: Chai hii haijakolea tangawizi.

Fundi_Ughaibuni: Sijatunga. Hati itasainiwa na kampuni inayosimamia umeme, mimi ninavuta nyaya tu, na nitakwenda siku saba za mwanzo.

Shangazi_wa_Pongwe: Kumbe hesabu umeshazipiga! Mwombe bosi wako ruhusa isiyo na malipo, baba. Mwambie gari lenye nembo yake litaonekana kwenye televisheni.

Fundi_Ughaibuni: Nilimwomba, Shangazi. Alikataa.

Mdadisi: Basi anakijua kipindi, anaijua nyumba, na anajua ulitaka kwenda. Fomu ya ridhaa ya kupigwa picha umeshaisaini?

Fundi_Ughaibuni: Jumanne.