Gereji imejaza mafuta ya breki kwenye jeki za karavani yangu, sasa inasingizia chumvi ya bahari

Wadau, uzi ni mrefu na nimekasirika, asiyetaka kusoma apite. Nawaandikia hasa watu wa Malindi, Watamu na Mambrui wenye matela ya kulala, na yeyote mwenye mashine ya haidroliki, yaani inayosukumwa na nguvu ya oili, anayefikiria kuipeleka kwa fundi wa magari madogo. Gereji siitaji jina, sitaki moderata anifungie uzi kabla sijamaliza.

Tela yangu ni lile kubwa la Kimarekani ambalo shingo yake hukaa kwenye kitanda cha pikapu. Nalikodisha kwa familia zinazotaka kulala karibu na bahari huko Mambrui. Lina jeki 4 za haidroliki, 2 mbele na 2 nyuma. Ukifika unaweka vibao vya mbambakofi chini ya nyayo za jeki zisizame mchangani, unabonyeza kitufe kimoja, lenyewe linajiweka sawa.

Kilichonipeleka gereji kilikuwa kitu kidogo mno. Jeki zilianza kushuka kwa kujikokota, na paneli ikawa inawasha taa ya umeme mdogo. Umeme mdogo, jamani! Mashine yenyewe inakwambia inaumwa wapi. Mota ya pampu ni ya volti 12 na inakula umeme kwa pupa, kwa hivyo hapo unaangalia betri, vichwa vyake na waya wa ethi. Baadaye niliuona mwenyewe ule waya wa ethi, umeota ukoga wa kijani kwa hewa ya pwani. Msasa kidogo na spana, kazi kwisha.

Wao hawakugusa betri. Walifungua tangi la oili jeki zote zikiwa chini zimenyooka, wakaona oili imepungua. Bila shaka imepungua, iko ndani ya jeki! Tangi la mfumo huu hupimwa jeki zikiwa zimerudi juu zote, oili yote ikiwa nyumbani. Fundi akajaza mpaka shingoni. Akajaza mafuta ya breki, DOT 3.

Kwenye tangi pana stika imeandikwa ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, ile nyekundu. Nilipomuuliza kwa nini hakuisoma akanijibu, "Bosi, breki si haidroliki? Na hii si haidroliki? Basi ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja! Sili na oringi za mfumo kama huu, yaani pete za mpira zinazozuia oili isivuje, zimetengenezwa kwa mpira unaostahimili oili ya petroli, yaani oili ya mafuta ghafi kama hiyo ATF au ya injini. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yana asili ya glaikoli, na yakikutana na mpira huo unavimba, unalainika, halafu unachanika kila fimbo ya jeki inapopanda na kushuka. Kwenye breki hayaleti shida kwa sababu sili za breki ni za mpira mwingine, ambao nao ukiutia oili ya petroli unaharibika. Fundi aliyekaa gereji miaka yote hiyo analijua hilo la breki, ndiyo maana hajawahi kutia oili ya injini kwenye breki za mtu. Kwa tela langu akili ilikwenda wapi?

Sasa sikieni ushahidi, maana leo wanakana. Niliporudi Mambrui na kupandisha jeki, oili yote ilirudi tangini, tangi likafurika, ikamwagika kwenye kile kikasha cha mbele ilimo pampu. Kesho yake rangi ya kikasha ilikuwa imevimba na kuchubuka, ukipitisha ukucha inatoka utepe mzima mpaka unaona bati. Oili nyekundu ya gia boksi haifanyi hivyo, inaacha doa tu na ukifuta inatoka. Kinachobambua rangi ya gari ni mafuta ya breki, mtoto yeyote wa gereji anajua. Picha nimezipandisha hapo chini, tazameni wenyewe.

Kwa wasioelewa kwa nini nalia sana kuhusu sili: tela likishasimama sawa, mota inazima. Usiku kucha hakuna pampu inayofanya kazi. Kinachobeba tani zote zile ni oili iliyofungiwa ndani ya jeki, valvu zimejifunga na sili zimeshika. Sili zikichoka, oili inapenya kidogo kidogo na tela linakaa chini upande mmoja watu wakiwa wamelala. Wageni wangu walilala sawa, wakaamka vichwa viko chini kuliko miguu. Wamedai pesa zao, nimewarudishia, na sitawalaumu.

Haikuishia hapo. Katika kupapasa paneli wakaweka upya kipimo cha usawa, tela likiwa limeegeshwa kwenye ule uwanja wao wa gereji ulioinama. Sasa ubongo wa mashine unaamini mwinamo ule ndio usawa. Kabla ya kuweka kipimo hicho ulitakiwa usawazishe tela kwa mkono, jeki moja moja, na pimamaji ya waashi sakafuni. Pimamaji inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi mjini!

Na friji nayo. Friji ya tela langu ni ya gesi, haina kompresa. Inapooza kwa amonia na maji yanayozunguka kwa mvuto tu, kwa hivyo tela likiinama maji yanatuama kwenye mabomba, sehemu ya moto inaungua, na ikishaziba ndiyo basi. Nguru wa wageni aliharibika, hilo tumelimaliza. Friji sijui kama itapona.

Nikawaendea. Jibu la mwenye gereji: "Hiyo ni chumvi, bosi, tela haliwezi bahari." Chumvi naijua, nimezaliwa nayo. Chumvi inakula kromu ya fimbo kwa nje, inaweka vishimo, vishimo vinakwaruza sili, na unaviona kwa macho. Fimbo zangu zinang'aa, nazifuta kila safari. Tena chumvi gani hiyo iliyoziamkia jeki zote nne siku moja, baada tu ya kutoka kwake?

Nimelipa 18,000 kwa kazi hiyo na risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono wao, "kujaza hydraulic". Nataka pesa yangu, na nataka walipie kusafisha mfumo mzima: tangi, mabomba, valvu, sili mpya jeki zote nne. Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo naelekea Mahakama ya Madai Madogo, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanasikizwa huko na wakili si lazima.

Mwenye kumjua fundi wa kweli wa sili za haidroliki anipe namba inboksi. Hata awe wa matrekta ya mashamba ya chumvi Gongoni au wa foko za bandarini Mombasa, nauli nalipa. Sharti langu moja: kabla ya kufungua kifuniko cha tangi, anisomee stika kwa sauti.

Na wewe mwenye gereji, najua unapita humu. Usiniandikie inboksi, jibu hapa hapa.