Densi ya kisasa Mkunguni: wapewe uwanja au wasipewe?

Baraza la Jioni
Assalaam aleykum. Kwa wasiokuwapo Alhamisi: kile kikundi cha densi ya kisasa kiliteza Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya Alasiri. Dakika 20 hivi. Hapakuwa na msondo wala zumari, spika moja tu, wavulana wanne na msichana mmoja. Wazee wa bao waliinuka wakaondoka, halafu nusu yao wakarudi. Sasa kikundi kinaomba uwanja kila Alhamisi, pamoja na fungu dogo la pesa za utamaduni, ili kiwasaidie wanaoanza kazi hii: nauli, chakula cha mchana na mwalimu wa kuwajia mara kwa mara. Wanasema waliokwisha kupata jina hawawachukui, wanachukua wa mwaka wa kwanza na wa pili peke yao. Swali ni moja: wapewe au wasipewe? Jibuni swali, tafadhali. Nawajua.

Fimbo Moya
Wasipewe. Mkunguni ni pahala pa kirumbizi, ngoma ya kupigana fimbo, na goma, ngoma ya safu za wanaume, si pa watu kugaragara chini kama punda mwenye kupe. Nilikuwapo kwa mato yangu. Kijana mmoja alianguka nikadhani ni kifafa, nikaanza kutafuta ufunguo nimtie mkononi. Kumbe ndiyo densi yenyewe! Pesa ziende madarasani.

Mama wa Wanne
Huyo aliyeanguka ni mwanangu. Hana kifafa, hana kupe, na punda hajapatapo kuwa. Anaamka kabla ya adhana kwenda mazoezini. Wako ni yule ninayempita pale gatini saa nne ya asubuhi, shavu limevimba miraa? Nauliza tu.

Fimbo Moya
Bi mkubwa, mimi sikutaja mtu. Wewe umemtaja wangu. Nakuheshimu kwa sababu ya marehemu mumeo, nanyamaza.

Shogi Tupu
Mimi nina punda sita na nimeumizwa kuliko nyote. Punda hagaragari kwa sababu ya kupe peke yake. Ukimvua shogi la mgongoni anagaragara apate kukausha jasho na kujikuna mgongo. Mwenye kupe hujisugua hata ukutani. Kliniki ya punda ipo pale ufukweni tangu 1987, kaulizeni. Kuhusu densi sina neno.

Langoni Damu
😂😂 Kwa hivyo kijana alikuwa akikausha jasho. Kesi imefungwa.

Mwalimu Mstaafu
Cheka cheka ikiisha, naomba tukumbuke jambo moja. Habib Swaleh, mwanachuoni wetu, alikuja Amu (Lamu) kutoka Ngazija karne ya 19. Alipoleta Maulidi ya Al-Habshi ya Hadhramaut, yenye matari, si kila mtu mui huu alimpokea kwa maua. Wako masharifu na waungwana waliosema kupiga matari katika dhikri ni uzushi, na wakamtazama vibaya kwa kukaa na watu wanyonge wa mtaa wa Langoni na kuwasomesha. Leo Riyadha, ule msikiti wake, ndio unaoleta watu Amu kutoka pwani nzima kila Mfungo Sita, na wajukuu wa waliopinga ndio wanaokaa safu ya mbele na fimbo zao katika goma. Yaani tunachokiita "chetu tangu zamani" kilikuwa kipya, tena kipya chenye ugomvi. Mtu anayesema densi hii haina asili hapa kwanza atuambie alianza kuhesabu mwaka gani.

Nami siwatetei vijana kwa yote. Muziki ule wa spika ulinichosha. Lakini na kirumbizi nacho, tuseme kweli, si ngoma hasa. Ni mapigano yaliyopakwa zumari.

Langoni Damu
KIRUMBIZI SI NGOMA? Mwalimu, shikamoo, lakini hilo lifute.

Fimbo Moya
Yaani mtu wa Mkomani, mtaa wa pili, akikaa na kitabu siku mbili ndiyo anakuja kutufunza kirumbizi. Babu yangu alikuwa akiitwa Pate na Siyu kwenye arusi kwa sababu ya fimbo yake. Ana kovu lililotoka kwenye jicho mpaka sikioni. Hilo kovu mapigano?

Shogi Tupu
Kovu hilo ni nini basi, hina?

Mwalimu Mstaafu
Fimbo Moya, mimi ni wa Langoni kuliko wewe, nyumba yetu iko hatua 40 kutoka Riyadha. Na nimeandika aya nzima juu ya Habib Swaleh, wewe umeona mstari wa mwisho.

Fimbo Moya
Ndio uliokosea.

Nahodha wa Nchi Kavu
Nitatoa fatwa ya kirumbizi, tuendelee. Mtu akipigwa fimbo ndani ya mpigo wa ngoma, hiyo ni ngoma. Akipigwa nje ya mpigo, hao ni polisi.

Langoni Damu
😂 Nahodha kamaliza. Lakini mimi naongeza: kuna namna ya kuingia duarani, kuna kumzunguka mwenzio, kuna kuinua fimbo ukaishusha bila ya kumgusa, na mpiga zumari anakuona anabadilisha. Mtu asiyejua hatua hizo akiingia anachekwa na watoto. Mapigano gani yana aibu ya namna hiyo?

Mguu Pekupeku
Salamu kwenu nyote. Yule "msichana mmoja" ni mimi.

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetuuliza, kwa hivyo nasema mwenyewe. Nilianza kuteza nikiwa na miaka 17. Kazi ya kwanza ilikuwa hoteli za Malindi, ngoma za wageni: unavaa kanga na manyoya ambayo hakuna kabila linaloyavaa, unateza dakika 40 wakati watu wanakula kamba, halafu unapita na kapu. Kilichomo ndani ya kapu ndio mshahara, mnagawana watu tisa. Hapo huwezi kujifunza kitu kwa sababu wageni hubadilika kila wiki na onyesho halibadiliki. Mwaka wa kwanza na wa pili ndipo wengi wanapoacha. Si kwamba hawajui. Nauli imewashinda, goti limeumia, na nyumbani wanaulizwa "utaacha lini mchezo?" Kikundi kinalipia nauli na chakula ili mtu afike mazoezini mara tatu kwa wiki, na kinamweka karibu na mtezaji aliyemtangulia.

Kuhusu kuanguka. Kuanguka kunasomwa. Unashukia upande wa paja na mkono wa chini, pumzi unaitoa, goti haligusi kwanza. Pale Mkunguni chini ni pagumu kama jabali, na wawili wetu sasa wana magoti yaliyovimba. Hilo nililitegemea liulizwe.

Na Fimbo Moya, ile sehemu ambayo wawili wanazungukana mikono mitupu ilitoka kwenye kirumbizi. Tulifunzwa na mzee mmoja, mwezi mzima. Tumeondoa fimbo tu, tumeacha kuogopana.

Fimbo Moya
Mzee gani amemfunza mwanamke kirumbizi??

Mgeni wa Gede
Dada, pole kwa magoti. Lakini nyinyi watu wa Lamu mkitaja Malindi ni hoteli na kapu tu. Mekatilili wa Menza 1913 alikuwa akivuta watu kwa kifudu, ngoma ya matanga, akizunguka kijiji kwa kijiji mpaka Wagiriama wakala kiapo cha kutowatumikia Waingereza. Mwanamke huyo, hadharani, bila ya kumuomba ruhusa mzee yeyote. Hapa Malindi amewekewa sanamu. Manyoya ya hoteli waliyaleta wenye hoteli.

Mguu Pekupeku
Umesema kweli, nisamehe. Kapu lenyewe lilikuwa la Kiitaliano 😅

Fimbo Moya
Narudia. Mzee gani?

Bi Kisutu
Mwanangu Fimbo, tulia. Nina miaka 71. Mama zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, wakishindana mtaa kwa mtaa hata wengine wakauza dhahabu zao wasishindwe kwa chakula. Vugo tulipita nalo ndiani usiku wa arusi, pembe za nyati mkononi, twaimba maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Mwanamke wa Amu hajafunzwa kuteza na spika.

Ila na mimi nina langu. Zile ngoma zetu zilikuwa na mpaka. Ya wanawake ni ya wanawake, mwanamume akichungulia anamwagiwa mai. Binti huyu kateza na wavulana wanne mbele ya bao la wazee, kifundo nje. Sikasiriki, nauliza. Hamuwezi kuwa na siku ya wanawake peke yao, ndani, milango ifungwe? Mimi nitakuja. Nina shoga zangu watatu watakuja pia, mmoja anatembea kwa mkongojo lakini mabega yake mazima.

Mama wa Wanne
Bi Kisutu nitakuchukua mwenyewe.

Langoni Damu
Bi Kisutu, maneno ya vugo tuandikie hata nusu 🙏

Bi Kisutu
Una mama wewe?

Mwana wa Nairobi
Nimetoka Amu zamani lakini nafuatilia. Msidhani jambo hili limezuka jana. Nairobi kulikuwa na kikundi cha yule jamaa Okachi, kiliitwa Gara au Gaara, tangu miaka ya themanini huko. Na Senegal kuna mama mmoja Mfaransa ana chuo ufukweni.

Mguu Pekupeku
Ni Opiyo Okach, kikundi ni Gàara, nacho ni cha miaka ya 1990. Na mama huyo ni Mwafrika: Germaine Acogny alizaliwa Benin akalelewa Senegal. Chuo kinaitwa École des Sables, kiko Toubab Dialaw, kilianzishwa 1998. Watezaji vijana wa Afrika nzima hupita pale.

Mwana wa Nairobi
Ndio nilichosema.

Nahodha wa Nchi Kavu
Sivyo hata kidogo, ila endelea.

Mwana wa Nairobi
Na ukumbi wake mmoja hauna sakafu, ni mchanga mtupu chini. Hilo nina hakika. Sasa Shela pale tuna mchanga kilomita 12 bila ya kulipa senti. Waende Shela! Wazee wabaki na bao, vijana wabaki na magoti.

Fimbo Moya
Hapo umesema.

Mguu Pekupeku
Mchanga tunautumia asubuhi, unatia nguvu kifundo. Lakini nani atatoka mui na watoto mpaka Shela kututazama? Watakaofika ni wageni wenye nyumba za huko. Tutakuwa tumerudi kwenye kapu.

Baraza la Jioni
Samahani. Swali lilikuwa: wapewe au wasipewe. Mpaka sasa nimehesabu jibu moja, la Fimbo Moya, na punda sita.

Shogi Tupu
Saba. Mmoja kazaa jana.

Fundi wa Matondoni
Nimesoma yote tangu mwanzo wakati nasubiri maji yajae. Mimi ni fundi wa majahazi, densi siijui. Lakini binti amesema magoti mara mbili, nyote mmejibu habari ya mzee wa fimbo.

Huwezi kumtupa mtu chini juu ya saruji kila wiki. Hata jahazi hatuliangushi hivyo. Panahitaji sakafu ya mbao, na mbao zenyewe zisigongomewe juu ya saruji moja kwa moja, maana hapo umefanya saruji ya rangi nyengine. Chini weka mataruma mepesi, miti ya kubeba mbao, yapishane safu mbili, mbao zikae juu yake zipate kunepa kidogo mtu akitua. Kidogo tu. Zikinepa sana mtu atateguka. Ifanywe vipande vipande vya kufungana, Alhamisi vitandikwe, Alhamisi usiku vifungwe punda avichukue. Mbao za makombo ninazo, za mwembe na za mkungu, za jahazi lililovunjwa. Sitaki pesa ya mbao. Misumari na kazi ya vijana wawili walipe.

Shogi Tupu
Punda ninao mimi. Na hawagaragari kazini.

Mama wa Wanne
Allah akubariki fundi. Mwanangu atakuja kupiga randa.

Langoni Damu
Je, kirumbizi kitatezwa juu ya sakafu hiyo? Kama ya umma basi ni ya umma.

Fundi wa Matondoni
Fimbo zitaitoboa siku ya kwanza. Kirumbizi kina ardhi yake, wapishane saa.

Fimbo Moya
Kirumbizi kianze, wao baadaye. Na nataka kumjua yule mzee.

Bi Kisutu
Mzee ni ami yako, Fimbo. Muulize ukimpelekea chakula cha Ijumaa, maana mara ya mwisho hukwenda.

Nahodha wa Nchi Kavu
🔥 ndani ya mpigo.

Mwalimu Mstaafu
Nilikuwa nataka kurudi kwenye habari ya matari na Habib Swaleh, kwa sababu nadhani haikueleweka

Fundi wa Matondoni
Mwalimu, subiri kidogo, maji yanajaa. Binti, nipe urefu na upana.

Mguu Pekupeku
Futi 24 kwa 20, fundi. Tusizibe njia ya mlango wa Ngome, na miti ya mikungu ibaki upande wa kushoto.

Fundi wa Matondoni
Kushoto ukiipa Ngome uso, au ukiipa bahari?