Shelisheli: tuhesabu watalii au dola zinazobaki?

Wakuu, hoja iliyo mezani ni hii: Shelisheli iruhusu hoteli kubwa zaidi ili uchumi ukue, au ifuate moyo wa uamuzi wa 2015 wa kusimamisha vibali vipya vya hoteli kubwa kwenye visiwa vikuu? Wanaotaka kufungua mlango wanasema nchi ya watu kama laki moja, isiyo na ardhi ya kulima, haina cha kuuza ila fukwe. Mimi nakataa.

Tukumbuke 2008. Rupia, sarafu yao, ilikuwa imeshikiliwa kwa bei ya serikali, dola zikaadimika benki, watu wakazisaka mlango wa nyuma. Oktoba nchi ikashindwa kulipa riba ya hatifungani (hati ya mkopo) ya dola milioni 230, na mwezi uliofuata rupia ikaachiwa ielee, ikaporomoka. Lakini fukwe hazikuwa tupu! Wageni walikuwepo. Dola ziliingia zikatoka, huku serikali ikitumia kuliko ilichonacho.

Mtazameni mgeni anayepata kifungua kinywa Beau Vallon, ufukwe wa kisiwa kikuu cha Mahé. Siagi, jibini, soseji na viazi vimeshushwa kwa kontena bandarini Victoria. Hoteli, kama ni kubwa, mara nyingi ni ya mwekezaji wa nje. Aliyemletea kahawa huenda ni kijana wa kigeni aliyekuja kwa mkataba, na mshahara wake utasafiri kwao mwisho wa mwezi. Kinachobaki kisiwani ni kodi, umeme, samaki wa alfajiri na kidogo cha juu. Mgeni huyohuyo akilala kwenye nyumba ya wageni ya mama wa kisiwa cha La Digue, bili yote inapita kwanza mkononi mwa mwananchi.

Mtasema ajira. Ajira zipi? Ukosefu wa kazi kule ni mdogo, ndiyo maana wafanyakazi wanaagizwa.

Korona nayo ilituonyesha hatari ya kutegemea wageni: kutoka watalii 384,000 mwaka 2019 hadi kama 115,000 mwaka 2020, na rupia ikatoka kwenye 14 kwa dola hadi kupita 20. Jodari wa kopo aliendelea kusindikwa Victoria, ingawa naye, inauma kusema, huvuliwa zaidi na meli za Wahispania na Wafaransa. Hapo ndipo pa kubana mikataba ya uvuvi.

Anayetaka hoteli zaidi anijibu: katika kila dola 100 za mgeni, ngapi zitalala Mahé?