Kupiga dramu kwenye bendi ya ska-punk yenye mwimbaji wa kike: wenye uzoefu naomba mnieleze

Kijiti_Kimoja ameuliza:

Wakuu habari za humu. Mimi nimetokea kwenye bendi ya panki tupu, watu wanne, na kazi yangu ilikuwa kukimbiza tu. Sasa nimeitwa kwenye bendi ya ska-punk, yaani ska ya Jamaika iliyochanganywa na panki: mbele anaimba dada, kuna gitaa, besi, tarumbeta na tromboni. Nyimbo zao zinageuka katikati, mara za kuchezeka, mara moto. Mazoezini kila tukifika pale zinapogeuka dada anageuka nyuma ananitolea macho. Anayeijua kazi hii aniambie nianzie wapi, na maisha yenyewe yakoje.

Mzee_wa_Toazi amejibu:

Karibu kaka. Kiti hicho nimekikalia muda mrefu na mwimbaji wetu pia ni mwanamke, kwa hiyo nasema ninayoyaishi. Wengine watajazia.

Hesabu nawe: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Msikilize Lloyd Knibb, mpiga dramu wa The Skatalites, ska ya Jamaika ya miaka ya 1960. Mguu (ngoma kubwa ya kukanyaga) na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) vinaangukia pamoja kwenye mbili na nne, na snea mara nyingi inaguswa ukingoni, inatoa mlio mkavu. Gitaa linakata kwenye kila "na". Hizo "na" ni mali ya mpiga gitaa, ziache. Wimbo ukigeuka panki ndipo unamnyang'anya: mguu unashuka kwenye namba, snea inahamia kwenye kila "na". Kasi haijabadilika hata chembe. Kama wimbo ni mapigo 160 kwa dakika, unabaki 160, ila snea iliyokuwa inagonga mara 80 kwa dakika sasa inagonga mara 160. Mwili unadhani wimbo umekimbia, basi nao unaanza kukimbia kweli. Macho ya dada yanatokea hapo hapo, nina hakika.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: kasi ya wimbo ipange kwa kinywa chake. Mashairi ya ska-punk yamejaa maneno. Ongeza mapigo kumi tu, na mstari aliokuwa anaumaliza kwa pumzi moja ataanza kuumeza mwishoni. Kwetu, wimbo mpya kabla haujaingia kwenye orodha anauimba peke yake, bila chombo chochote, huku anatembea huku na huku, mimi nimeshika metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo. Kasi anayoweza kuimba beti zote mbili mfululizo bila kuhema ndiyo tunayoiandika. Naibandika kwenye karatasi kando ya hai-hati (zile toazi mbili zinazofungwa kwa mguu), kwa namba kubwa. Jukwaani damu ikishachemka siulizi kichwa changu, naangalia karatasi.

Jingine: kwenye shoo humwoni uso. Mimi naujua mgongo wa mwimbaji wetu kuliko ninavyoijua sura yake. Mabega yakipanda kidogo anavuta pumzi, kuna mstari mrefu unakuja, nampunguzia kelele. Akiwa ameegemea mguu wa kushoto bado anaongea na watu, hivyo hata mpiga besi anikonyeze vipi, sihesabu. Maiki ikishuka usawa wa kiuno na kidole kikazunguka hewani, kiitikio kinarudiwa. Hakuna aliyenifundisha alama hizo, na yeye mwenyewe nilipomtajia ile ya mguu alicheka, hakuwa anaijua.

Matoazi nayo. Maiki yake inamtazama yeye, na nyuma yake nipo mimi. Akisogea mbali na maiki, kinachoingia ni toazi zangu. Fundi mitambo anapandisha sauti ya dada, na toazi zinapanda nayo, mwisho watu wanasikia shaaa tupu na hakuna neno hata moja. Chukua toazi nyembamba zinazokufa haraka, zishushe chini. Kwenye beti za ska funga hai-hati na uipige kwa ncha ya kijiti. Krashi, ile toazi kubwa ya kishindo, mtunzie kiitikio. Snea ikaze kuliko ulivyozoea kwenye panki ili mlio wake uwe mfupi.

Na kuhusu maisha. Mafundi mitambo wengi wakifika wanakuja moja kwa moja kwangu: "Bosi, monita (spika za kujisikilizia jukwaani) mnataka nini?" Bosi amesimama mbele yao na maiki mkononi! Mimi nanyoosha kijiti kumwonyesha, basi. Silijibu swali hata kama jibu ninalo, maana ukijibu leo, kesho wataanza kukuuliza wewe hata orodha ya nyimbo. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kwenye picha utatoka kiwiko. Hata No Doubt, bendi ya Marekani, yaliwakuta, magazeti yalimtaka mwimbaji wao Gwen Stefani peke yake, na kwenye video ya "Don't Speak" wakalicheza jambo lenyewe, wenzake wanasukumwa pembeni kwenye upigaji picha. Kama unataka kuonekana, shika gitaa.

Sauti_ya_Mbele amejibu:

Mimi ni huyo dada wa mbele, wa bendi nyingine. Mzee amesema kweli, naongeza moja linalonichoma. Neno la mwisho kabla ya kiitikio ndilo mara nyingi limebeba wimbo mzima, na papo hapo natakiwa kuvuta pumzi. Wapiga dramu mnapapenda mno hapo! Mnashuka na tomu zote, zile ngoma za kujazia, kutoka juu mpaka chini, neno langu linazikwa. Jaza kwa pigo mbili za snea, uniachie nafasi. Ukitaka kuonyesha mikono, onyesha pale tarumbeta na tromboni zinapojibizana, mimi nakunywa maji muda huo.

Pia, ukija kupanga orodha ya shoo niulize koo langu. Nyimbo mbili za kupayuka zikifuatana, ya tatu nitaikwaruza.

Na wanaotuona sisi wageni kwenye muziki huu nawashangaa. Mwimbaji Millie Small wa Jamaika alitikisa Uingereza na Marekani mwaka 1964. Mwaka 1979 Pauline Black alikuwa mwimbaji wa mbele wa bendi ya ska The Selecter kule Coventry, Uingereza, na mwaka huo huo London wakaanza The Bodysnatchers, wanawake saba, hadi kwenye dramu mwanamke.

Kijiti_Kimoja ameandika:

Dada, Mzee, nawashukuru sana. Hiyo ya "na" imenifungua, nilikuwa napiga snea juu ya gitaa bila kujua kwa nini panasikika vurugu. Maswali mawili: hiyo sehemu ya kugeuka naifanyiaje mazoezi nikiwa peke yangu? Na masikio? Chumba chetu ni kidogo, tarumbeta iko mita moja kutoka sikioni kwangu, nikirudi nyumbani nasikia mlio mpaka usiku.

Mzee_wa_Toazi amejibu:

Masikio kwanza, mengine yatasubiri. Huo mlio wa usiku usiuzoee. Mwongozo wa usalama kazini unaotumiwa sana ni huu: desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Fanya hesabu, ukifika 100 una dakika 15 tu, na chumba kidogo chenye dramu na tarumbeta kinafika huko bila shida. Nunua vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vya sponji vinakula sauti za juu, utashindwa kumsikia dada na utaanza kupiga kwa nguvu zaidi. Na hiyo tarumbeta igeuzwe ielekee ukutani kwingine, mwambie tu mwenzako, hatakasirika.

Kugeuka: weka metronomu mapigo 120. Piga mizunguko minne ya ska, minne ya panki, rudi, bila kujaza chochote katikati. Kujaza ndiko kunakoficha makosa ya kasi. Huku unapiga, imba mashairi yake kwa sauti, hata kama sauti yako ni ya chura. Ukiona maneno yanakubana upande wa panki, umekimbia, hata kama metronomu hujaisikia. Panda mapigo matano matano, na bega la kulia likianza kukaza rudi chini.

Halafu omba kukaa na mpiga besi nyinyi wawili tu, nusu saa kabla ya wengine kufika. The Interrupters, bendi ya ska-punk ya Marekani, wana bahati, dramu na besi wanashika ndugu mapacha, sisi wengine inabidi tuutafute huo undugu kwa mazoezi. Anzeni na wimbo mmoja tu, ule unaotolewa macho.