Viini vya majiko ya mkaa vinapasuka, nirekebishe nini kwenye udongo?

Fundi_Chamwino: Wakuu, habari za jioni. Viini vyetu (vile vyungu vya ndani vinavyoshika mkaa) ni ndoo 3 za udongo wa mfinyanzi kwa ndoo 1 ya mchanga wa korongoni. Vinatoka tanurini vizima, ila jiko likiwashwa mara nne tano unatokea ufa wa wima kuanzia ukingoni. Tumeongeza kuni, sasa ukivigonga vinalia kama kengele lakini vinapasuka mapema zaidi. Tatizo nini?

Kigae: Mchanga huo. Huku kwetu mwingi ni kwatsi, yale madini magumu ya punje za mchanga, na kwatsi ikifika nyuzi 573 hutanuka ghafla. Ikipoa hunywea ghafla palepale. Mkaa ukipepewa unavuka hapo kila siku.

Toa mchanga, weka chenga za vigae: ponda viini vilivyovunjika, chekecha kwa wavu wa milimita 2, kisha pepeta unga uondoke. Ndoo 3 za udongo mkavu, 1 ya chenga. Chenga zilishanywea motoni, hazinywei tena, na ufa ukikutana na punje unakwama.

Hiyo kengele isikufurahishe. Udongo ulioiva hadi kukaribia kioo ni mgumu, ila ufa ukianza haukutani na kizuizi. Ishia nyuzi 850 hadi 900, yaani rangi ya ndani ni nyekundu ya kung'aa inayoanza kuwa chungwa. Tanuri usilifungue mpaka matofali ya nje yashikike kwa mkono.

Fundi_Chamwino: Asante mkuu. Pumba za mpunga za Bahi je?

Kigae: Nusu ndoo, zisagwe kwanza. Zikiungua zinaacha vitundu. Ukizidisha, ukingo unamomonyoka sufuria ikikwaruza.

Mama Tanuri: Mdogo wangu, angalia na upepo wa Dodoma. Upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, ufa mdogo unaanzia hapo na moto unaumalizia tu. Funika kwa magunia mabichi siku 3, geuza kila asubuhi.

Udongo ukiwa na vijiwe vyeupe, vidondoshee siki. Vikitoa povu ni chokaa: vitachomwa, vitanyonya unyevu, na kiini kitabanduka vipande siku chache baadaye hata bila moto. Chekecha au hamia shimo lingine.

Bati na Rivet: Hujasema unaunganishaje kiini na bati la nje. Kama ni sementi tupu, kiini kinatanuka kikiwa kimebanwa. Jaza katikati kwa sementi 1 kwa majivu ya pumba 4, unene wa sentimita 1.