Naomba ushauri: seva ya nyumbani imekwama kwenye megabiti 94

Assalam aleikum wakuu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nina kompyuta kuukuu niliyoigeuza seva kwa Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), ndani yake mashine pepe tatu: ya mafaili, ya kamera ya mlangoni, na moja ya kuchezea tu. Siku hizi kunakili faili la GB 10 kwenda kwenye laptopu ni karibu robo saa. Zamani dakika moja na nusu, hata chai haijapoa.

Nilianza kuzilaumu mashine pepe. Nikabadilisha kadi zao pepe za mtandao kutoka aina ya E1000 kwenda VirtIO, wapi! Nikapima kasi ya mtandao kwa programu ya iperf3: mashine pepe kwa mashine pepe, zaidi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Kutoka seva yenyewe hadi laptopu, megabiti 94. Ethtool, amri ya kuonyesha hali ya kadi ya mtandao, nayo yasema 100Mb/s, na kadi ya seva ni ya gigabiti.

Nikachomoa kebo ya mtandao ya seva. Pini mbili za kichwa chake zimeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari hii haina huruma. Najua gigabiti yataka nyaya zote nane, 100 yaridhika na nne. Shida ni kwamba kebo imepita ndani ya ukuta wa matumbawe, na mama ameshasema hatoboi mtu tena.

Nikikata kichwa nibane kipya kitatosha, au kutu huwa imeshaingia kwenye shaba? Na swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao, nitaijaribuje kabla sijanunua nyingine? Wifi msinitajie, kuta hizi hazipitishi kitu.